Kipande Cheupe cha Figili

Asubuhi hiyo jua lilitoka Sapporo baada ya theluji kudondoka mfululizo, na Kiyotaka akaamua kumtoa mkewe Chizuru nje. Tangu binti yao Nagisa achukuliwe na homa ya mapafu mwanzoni mwa baridi, Chizuru hakuwa akivuka kizingiti. Makaburi yalikuwa yamefukiwa na theluji, kwa hiyo chungu chenye mifupa ya mtoto, iliyobaki baada ya maiti kuchomwa, kilikuwa bado sebuleni, kimefunikwa kitambaa cheupe. Wengi wetu hapa hukaa hivyo na marehemu wetu mpaka theluji iyeyuke. Hakuna anayeona ajabu.

Ajabu ilikuwa mkono wa Chizuru. Ule wa kulia, huo tu, ulikuwa baridi kama bomba la nje, na vidole vilishaanza kugeuka rangi hata akiuweka karibu na moto jikoni. Daktari aliupima, hakuona ugonjwa. Baridi yenyewe ilikuwa ikipanda. Kutoka kwenye kifundo ilifika kiwiko, na Kiyotaka alijua ikifika moyoni atabaki peke yake na vyungu viwili.

"Twende tukaone sanamu za theluji, mama Nagisa," alimwambia. "Au unataka kukaa humu mpaka uote uyoga?"

Chizuru akatabasamu. "Haya. Ila tusikimbie. Wengine tuna miguu mifupi."

Kiyotaka akacheka, maana mkewe alikuwa mfupi kweli.

Bustani ya katikati ya jiji ilikuwa imefurika watu. Walitazama ngome ya theluji ndefu kuliko nyumba, wakanywa kinywaji cha moto cha mchele, wakanunua hindi la kuchoma lililopakwa siagi. Chizuru alicheka, kicheko chake cha zamani, na Kiyotaka akahisi roho yake inatua. Halafu akaona mkewe hali lile hindi. Amelishusha chini, pembeni yake, anasubiri. Kisha akatoa leso, akainama, akafuta hewa.

Chizuru alipoomba wapande kwenye mteremko wa barafu wa watoto kuteleza, Kiyotaka alibaki chini. Huko juu mama mmoja msimamizi alimpigia kelele Chizuru: "Mpakate vizuri, dada! Asije akakuchomoka huyo!"

Chizuru alikuwa amekaa, miguu ameitanua, mikono imezunguka hewa juu ya mapaja.

Msimamizi alimwona. Mtu baki alimwona, na baba mzazi haoni kitu. Hilo lilimwuma Kiyotaka kuliko hofu yenyewe.

Waliingia kwenye mgahawa wa karibu. Wakaagiza chungu cha samaki na mboga, kikachemka mezani katikati yao. Kiyotaka akainama juu ya mvuke.

"Mama Nagisa," alinong'ona. "Yupo?"

"Yupo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya mifupa. Kipande cha mwisho nilikuwa nacho mimi. Nikageuka nikupokeze wewe. Hukuwepo."

Kweli hakuwepo. Kwetu mifupa huokotwa kwa vijiti, ikapokewa kwa vijiti, ndugu kwa ndugu, mpaka ikatua chunguni. Ndivyo marehemu anavyovushwa. Kiyotaka alikuwa ametupa vijiti vyake na kukimbilia nje, akalia kati ya magari. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. La Kiyotaka lilikuwepo, likabaki mkononi mwa mkewe.

"Nilikiweka mwenyewe," Chizuru akasema. "Lakini hajavuka. Amenishika mimi asianguke. Simlaumu, baba Nagisa. Mimi ni mama yake."

"Baridi imefika wapi?"

"Begani."

Akachovya vijiti vya kulia chunguni, akatoa kipande cheupe cha figili. Kiyotaka akanyoosha vijiti vyake, akakishika kilekile.

Mezani jambo hilo halifanyiki, ni la mifupa tu. Hata mtoto mdogo hupigwa kofi la mkono. Mhudumu mzee aliacha sinia lake kaunta. "Wee baba! Unaita msiba ndani ya mgahawa wa watu!"

Kiyotaka hakugeuka.

"Nagisa," alinong'ona. "Mwachie mama. Njoo kwa baba."

Chizuru akaachia.

Kipande kilikuwa kimetoka kwenye mchuzi unaochemka. Kilikuwa kikavu. Kilikuwa chepesi.

Chizuru akavuta pumzi ndefu. Akajigusa shavu kwa mkono wa kulia, akaushangaa. Ulikuwa na joto. Ndipo akaangua kilio, kile kilio cha mfiwa ambacho hakuwa amekilia majira yote yale.

Lilibaki jambo moja. Bakuli tupu lilikuwa mbele ya Kiyotaka. Akikitua humo kile kipande, basi mtoto amevuka. Akashusha vijiti. Kitu kikamshika mkono wa koti. Vidole vidogo. Akasikia harufu ya nywele za mwanawe, nywele alizokuwa akizikausha mwenyewe kila jioni.

"Weka chini, baba Nagisa," mkewe alinong'ona kati ya machozi. "Mwache aende."

Kiyotaka akakipeleka mdomoni. Akakila.

Theluji ilipoyeyuka tulikwenda wote kumzika Nagisa. Chizuru alishapona, amerudi kazini, na pale kaburini alikiaga kile chungu kwa machozi, akakiacha. Jua lilikuwa kali. Tulivua makoti, wengine wakajipepea kwa kofia. Kiyotaka akafungua mdomo kumshukuru mtawa aliyeongoza ibada, na mvuke mweupe ukamtoka, kama wa asubuhi ya baridi kali. Kila mmoja wetu aliuona. Na pembeni yake, usawa wa kiuno chake, pale ambapo hapakuwa na mtu, ukatoka mwingine mdogo.