Saruji ya Mzee Larwood

Jumamosi moja ya Mei, soko la Norwich limefurika watu, Thora Larwood alitoka kwenye foleni ya chipsi na njegere za kuponda, akageuka bila kutazama na kummwagia siki mwanaume aliyesimama nyuma yake. Siki ikaingia kwenye kiatu. Mwanaume yule alikuwa na mikono myeupe hadi viwikoni.

"Pole, kaka. Wewe mwoka mikate?"

"Kitendawili," alisema yule. "Nimezaliwa motoni, nikinywa maji nachemka, nikilala nageuka jiwe."

Thora aliwaza mpaka muuza chipsi akamkoholea asogee. "Chokaa," alisema. "Mimi nimekulia kanisani, bwana. Unanitega kwa cha nyumbani kwangu?"

Ndivyo alivyomjua Rowan Gedge, fundi wa mawe, ambaye Jumatatu iliyofuata angeanza kuukagua mnara wa kanisa lao la mtaa. Thora ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa hilo, ingawa hata miaka arobaini na mbili hajatimiza. Ufunguo wa mlango mkubwa, mrefu kama upawa, ulikaa kwenye mkoba wake pamoja na rangi ya midomo.

Kiangazi chote walipendana humo kanisani. Mnara ni wa duara, wa mawe ya gumegume, umri wake miaka mia tisa. Paa lilikuja baadaye, na malaika wake wa mbao walichongwa na mafundi ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Wengine hawana nyuso, zilikatwa na watu wa mfalme enzi za ugomvi wa dini. Thora alizoea kuwasalimu mmoja mmoja. Jioni Rowan akipiga simu humuuliza leo malaika gani kanuna, naye humjibu kwamba wote wamenuna, wanauliza yule bwana mchafu atarudi lini. Siku moja Rowan alimwegemeza sikio ukutani.

"Unapumua, mpenzi. Chokaa huyaingiza maji na huyatoa. Ndiyo maana huyu bibi kafika miaka yote hii."

"Na mimi nitafika mingapi?"

"Wewe upunguze maneno kwanza."

Septemba ripoti ikatoka. Upande wa magharibi wa mnara kulikuwa na kiraka cha kijivu, kikubwa kama ubavu wa gari, alichokipiga baba yake Thora mwaka 1974. Mzee Edgar Larwood na mdogo wake Percy walitumia likizo yao nzima, bure, wakapiga saruji safi wakiamini wameuokoa mnara. Wakati ule kila mtu aliamini hivyo. Kumbe saruji haipumui. Maji yalinaswa ndani, ukuta ukawa unaoza kama jino lililozibwa juu. Kiraka kilipaswa kubanduliwa kabla ya baridi kali, na karatasi ya kumwomba askofu ruhusa haiendi bila sahihi ya Thora.

"Tungoje," alisema.

"Tungoje nini?"

"Baba."

"Ningoje afe?"

"Usiseme hivyo."

"Wewe ndiye umesema, mpenzi. Mimi nimetafsiri tu."

Thora alimweleza kwamba baba ana miaka themanini na sita, nyumba yake inatazamana na kanisa, na kila asubuhi hunywa chai dirishani akiutazama ukuta ule. Ba' mdogo Percy keshakufa. Amletee watu wa nyundo mbele ya macho? Rowan akasema basi ataenda kuongea na mzee mwenyewe.

"Ukimwambia, mimi na wewe basi."

Rowan hakumwambia. Alingoja sahihi hadi Oktoba ikaisha, kisha akakusanya mwiko na ndoo zake, akaenda kufanya kazi mjini Lincoln. Alipiga simu mara mbili, Thora akaitazama ikilia.

Januari, asubuhi ya barafu, kiraka kilianguka na mawe yake, kikavunja paa la barazani. Kwa bahati hakukuwa na mtu chini. Kanisa likafungwa siku hiyo hiyo.

Mzee aliona yote akiwa na kikombe mkononi. Thora alipoingia, akauliza, "Yule bwana wako wa chokaa alisemaje?"

Thora akamweleza, analia.

"Mwanangu, ungeniuliza. Mimi unyevu ule niliuona miaka ishirini iliyopita. Nilikuwa naona haya kusema. Ningekibandua mwenyewe." Akaweka kikombe chini. "Basi nikifa, ibada yangu ifanyiwe kanisani mule. Hilo tu."

Thora akampigia Rowan.

"Njoo uujenge. Baba amedhoofika, Rowan, anaondoka, na anataka aombewe kanisani kabla ya kuzikwa."

"Chokaa haishiki penye barafu, Thora. Mpaka Aprili. Kabla ya hapo hawatafungua."

Mzee Edgar alifariki Februari. Miaka sitini aligonga kengele za kanisa lile, na jeneza lake likasimamishwa getini dakika mbili tu, ndani ya gari, likaenda kuombewa kwenye ukumbi wa kukodi. Rowan alikuja, kofia mkononi, akasimama ng'ambo ya barabara.

Aprili akarudi na chokaa yake. Wiki sita walikunywa chai kwenye benchi moja, wakazungumza habari za mchanga na mvua. Siku ya mwisho Thora alijivika gauni la bluu, akaamua safari hii atauliza.

"Ubaki, Rowan. Nakuomba."

Rowan alifuta mwiko wake taratibu. "Nina mtu Lincoln. Tangu Krismasi. Ulipopiga simu nilitaka kukuambia, ila siku ile ilikuwa ya baba yako."

"Mtu mwema?"

"Mwema."

Thora akatia sahihi karatasi ya kazi kukamilika. Rowan akamwonyesha magunia yaliyofunika ukuta mpya. Chokaa ikikauka haraka hupasuka, alimwambia, kwa hiyo wiki nzima magunia yasikauke. Akaondoka.

Thora aliyalowesha siku saba, asubuhi na jioni. Ya nane pia alipanda ngazi na ndoo yake.