Dawa Niliyoichanganya Asubuhi

Nina miaka thelathini na minne, ni muuguzi, kwetu Bagamoyo mjini. Wasomaji wenzangu, mkimaliza kunisoma mkitaka kunilaani, nilaanini... nimestahili!

Ilikuwa Ramadhani, miaka kumi iliyopita. Mwanaidi, mke wa kaka yangu, alijifungulia kwao Kaole, akapata homa kali ya uzazi. Akalazwa wodini kwangu. Daktari akaandika ampisilini ya sindano, kila baada ya saa sita.

Sista mkuu alituonya mara ngapi! Unga wa dawa ile unachanganywa saa ile ile ya kumchoma mgonjwa. Ukiuacha kwenye dripu ya sukari unaisha nguvu, tena kwa joto letu hili!

Mimi je? Saumu imenibana, na nyumbani mama mkwe anangoja futari. Asubuhi nilitia dozi ya mchana na ya jioni kwa pamoja ndani ya chupa ya dripu, nikaitundika dirishani imwingie yenyewe polepole hadi usiku. Kwenye karatasi yake ya dawa nikaandika zote mbili nimechoma, kila moja kwa saa yake. Saa tisa, zamu haijaisha, huyoo nyumbani kukuna nazi. Siku tatu nilifanya hivyo!

Maji yalikuwa meupe, nani angejua? Homa haikushuka. Daktari alisoma karatasi yangu, akasema dawa imeshindwa. Siku ya nne wifi yangu akafariki, maziwa yanamtoka kifuani... Pengine angekufa hata kwa dawa nzima. Sitajua kamwe.

Watu wakamtafuta mchawi, wakampata Bi Tatu, mkunga aliyemzalisha. Eti mikono yake michafu! Kaka yangu alimfukuza matangani mbele za watu. Nilikuwepo, nikajifunika kanga hadi usoni! Tangu hapo hakuna aliyemwita tena kuzalisha.

Siku ya arobaini Bi Tatu alinivizia njiani. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akanishika mkono.

"Mwanangu, wewe umesoma. Hebu niambie, nilimkosea wapi yule binti?"

"Kazi ya Mungu, bibi," nikamjibu.

Kazi ya Mungu! Ulimi wangu haukuona haya?

Wauguzi wenzangu, nawasihi, dawa ichanganyeni kwa saa yake. Saumu si kisingizio, wala mama mkwe. Na ukikosea, sema siku ile ile, hata kama utafukuzwa kazi!

Mwezi jana nilijikaza, nikaenda Kaole kumwambia Bi Tatu ukweli. Nikabisha hodi. Akatoka mjukuu wake, akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha kaburi.