Ziara ya Nne

Dada yangu Liz yuko Doha mwaka wa sita sasa, na Doha imemharibu kichwa. Yeye ndiye alilipia Mama na mimi ile safari ya boti: siku mbili ziwani kutoka gati ya Homa Bay, kuzunguka Rusinga na Mfangano, kula na kulala humo humo. Halafu akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, ananifundisha kwamba watu wa maana hawapandi boti hivi hivi. Kwanza wanatembezwa jiji siku moja. Jiji, anasema. Homa Bay. Haya, siku hizi taa za barabarani zipo na magorofa yanaota kila mahali, mimi ni nani nibishane na anayelipa.

Basi Ijumaa hiyo, jua likizama, nilikuwa kwenye kiofisi cha watalii karibu na gati, nachagua ziara. Naitwa Truphena. Nina saluni Migori mjini, na ieleweke mapema kwamba mimi si mtu wa kuona vitu. Nilikuwa na njaa, na Mama alikuwa amechoka.

Mama ndiye alinitia wasiwasi. Baba yetu, Fanuel, alizama miaka kumi na miwili iliyopita akitoka Mfangano na magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani. Mwili haukuonekana. Tukazika yago, lile tunda refu, zito, ambalo sisi Wajaluo tunazika mahali pa mtu ambaye maji yamekataa kumrudisha. Tangu mwaka huo, kila jioni, Mama anamwona mtu mlangoni. Uso hauonekani. Anaomba maziwa. Mama anampelekea kikombe pale kaburini, anaongea naye, anarudi. Na mwaka huu Mama akaanza kukauka. Hospitali tatu, hakuna ugonjwa. Sketi zake anazifunga kwa kamba. Nilijua, na Liz alijua, kwamba hivyo hivyo hafiki Krismasi. Ndiyo maana ya boti: ayaone maji yale, alie, aagane na mtu wake.

Kuna kitu kimoja kilinikera miaka yote. Baba akiwa hai, maziwa yalimsokota tumbo. Chai yake ilikuwa ya rangi, vijiko vinne vya sukari. Nilipomwambia Mama, alisema mtu akifa hubadilika, niache maswali.

Msichana wa ofisi, Risper, alitusomea karatasi. Ziara ya kwanza, ziwa Simbi na flamingo. Ya pili, mbuga ya Ruma, twiga na paa. Ya tatu, kupanda kilima cha Asego. Nikamtazama Mama na kamba yake kiunoni. Kilima gani sasa.

"Kuna ya nne," mtu akasema.

Alikuwa ameketi kwenye kona, kijana wa miaka kama ishirini na tano, shati la ofisi, gunia begani. Risper alisema huyo ni Tony, mmoja wa watembezaji wao, ila hakujua ziara ya nne ni ipi. Tony alisema ni ya mji wenyewe. Kwa miguu, polepole, mtu mzima hachoki. Hakututazama. Alikuwa anatazama ziwa kupitia dirishani, na viatu vyake vilikuwa vimelowa.

"Hiyo hiyo," Mama akasema, kabla sijafungua mdomo.

Asubuhi tulimkuta nje ya gesti. Gunia bado liko begani. Akatupeleka, na nitasema ukweli, kijana aliujua mji. Lakini aliujua vibaya. Kwenye duka la simu alisema hapa ndipo palikuwa na kinyozi mzuri, unanyolewa kabla ya kuvuka. Kwenye benki akasema hapa waliuza nyavu. Kila mahali alituonyesha kitu kisichokuwepo tena, na mambo hayo yalipokuwepo yeye alikuwa anavaa kaptula ya shule.

Mama alikuwa anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu niwe mtu mzima. Alikuwa anatembea mbele yangu, mimi natweta nyuma na pochi mbili.

Kisha nikaanza kusikia harufu. Omena mbichi, na matope. Nikajiambia tuko ufukweni, Truphena, ulitaka kunuke marashi?

Saa sita tukavuka barabara. Mama alijikwaa, na Tony akamshika kiwiko.

"Polepole, Min Liz," akasema.

Mama wa Liz. Ni mtu mmoja tu duniani aliyekuwa akimwita Mama hivyo kwa sauti ile ya chini. Nikajituliza. Tikiti zilikatwa kwa jina la Liz, kijana alisoma, akakisia, basi. Lakini Mama alikuwa amesimama katikati ya barabara, na boda zinampigia honi.

Tulienda kula. Yeye ndiye alichagua hoteli, mle ndani kwenye vichochoro nyuma ya soko. Nilipoona ile baraza, nilisimama.

Niliijua.

Benchi ilikuwa ile ile, ya mbao, upande mmoja umeliwa. Tony akaketi, gunia bado liko begani. Tangu jana sijaliona likigusa chini. Akaagiza chai ya rangi. Akatia sukari. Kijiko... cha pili... cha tatu... cha nne. Akakoroga, akainusa, hakunywa.

Mama akaanza kulia bila sauti.

Tony akaniinamia. Pumzi yake ilikuwa baridi, na ilinuka maji yaliyokaa.

"Hapa ndipo uliponishusha," akanong'ona.

Sasa niseme jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na saba. Wazee wa ukoo walinituma na ami yangu Levi twende ufukweni, tumwite Baba kwa jina, tulibebe yago mpaka nyumbani. Masharti yalikuwa mawili. Usiongee na mtu njiani. Na usilishushe, hata kidogo, mpaka shimoni. Ami alienda kutafuta gari. Mvua ikaanza. Mimi nilikuwa sijala tangu jana yake na mikono ilikuwa inawaka moto. Nikaingia barazani hapo, nikaliweka tunda kwenye benchi, nikaagiza chai na maandazi mawili. Nikala. Dakika kumi, hazikuzidi. Nilipoliinua tena lilikuwa zito kuliko mwanzo. Nikasema ni uchovu.

Nilimwacha baba yangu Homa Bay, kwa sababu ya maandazi.

Nilimwambia Mama yote, pale pale. Nilingoja anizabe kofi. Ningefurahi anizabe. Alifuta macho kwa leso, akauliza swali ambalo mimi, na ujanja wangu wote, sikuwahi kujiuliza.

"Kwa hivyo huyo tuliye naye nyumbani ni nani?"

Aliyejibu ni mhudumu, mzee Mokaya, ambaye amefanya kazi hapo tangu zamani na alikuwa anapangusa meza ya jirani. Alidhani tunauliza habari za benchi. Akasema wateja wengine hawaipendi, kwa sababu mwaka ule wa ajali ya boti kuna msafiri mgonjwa alikaa hapo siku mbili akiomba maziwa. Mwenye hoteli wa wakati huo akakataa kumpa. Mtu akafia hapo ameketi. Hakuna aliyemjua. Alizikwa na serikali, hakuna aliyemlilia, hakuna aliyekuja kumbeba.

"Mwezi gani?" nikauliza.

Alitaja mwezi. Ulikuwa ule ule.

Nikahisi baridi inapanda kutoka kwenye benchi, nikainuka haraka.

Tony alitusindikiza hadi gatini. Saa kumi na moja hivi. Boti ilikuwa tayari, nyeupe, imewashwa taa, watu wanapiga picha. Akaliteremsha gunia kutoka begani, lakini halikugusa ardhi. Alinipa mikononi. Halikuhitaji kufunguliwa. Nilijua umbo lake.

"Boti au nyumbani," alimwambia Mama. "Chagua, Min Liz. Mimi nimeona mji huu wa kutosha."

Mama aliitazama boti. Nadhani aliyatazama pia yale maji, na mwanga ulivyokuwa juu yake, na kila kitu Liz alichomlipia. Kisha akanigeukia.

"Safari hii usishushe," akasema. Hilo ndilo neno lake la mwisho mpaka nyumbani, Ndhiwa.

Tulikodi Probox. Dereva alijaribu siasa, akajaribu mpira, akadhani tumegombana, akawasha redio. Mimi nimelikumbatia gunia kifuani. Tulipopita Rodi, mikono ilianza kuwaka. Baadaye ikafa ganzi. Nililia kwa maumivu bila kufungua mdomo, na machozi yakaanguka kwenye gunia, na nilihisi... sijui nilihisi nini. Nilihisi kama mtu ameegemeza kichwa kwenye bega langu, amechoka.

Kagiza kalikuwa kanaingia tulipofika getini. Nyumba tulikuwa tumeifunga Ijumaa asubuhi, na funguo ilikuwa kwenye sidiria ya Mama.

Mlango ulikuwa wazi.

Kikombe cha Mama, kile cha bati anachoacha kaburini, kilikuwa kwenye kizingiti. Kitupu. Kimelowa mdomoni.

Ndani, mtu akakohoa.

Na tunda mikononi mwangu likaanza kutetemeka. Baba yangu, ambaye aliwahi kumpiga kiboko teke, alikuwa anaogopa kuingia nyumbani kwake.

Mama hakuogopa. Mwanamke mwenye kilo arobaini na kamba kiunoni alitembea mpaka mlangoni, akakiokota kikombe, akakipindua chini juu.

"Toka," akasema, taratibu. "Mwenye nyumba amefika."

Halafu sauti, ya mtu mzima, ya heshima, kama mgeni anayeuliza njia.

"Na mimi nyumbani kwangu ni wapi?"

Mama akasogea pembeni. Kitu kikapita kati yetu, baridi, kikinuka maziwa yaliyoganda. Mbwa wa jirani alilia mara moja akanyamaza. Ami Levi aliitwa, akachimba shimo kando ya lile la zamani, na mimi nikashuka humo na tunda langu na kulilaza mwenyewe. Sikuweza kunyoosha vidole mpaka asubuhi.

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Mama amenenepa. Kamba ameitupa, anabishana na wauza mboga, jioni analala bila kuota. Liz bado amenuna kuhusu tikiti. Tony nilimpigia. Anasema alisinzia ofisini Alhamisi mchana, akashtuka Jumamosi usiku kwenye benchi ya hoteli, viatu vimelowa, na hamjui mtu anayeitwa Truphena. Labda anadanganya. Labda alinisikia nikiongea na Mama kuhusu chai ya Baba, akatuchezea. Nimejaribu sana kuamini hivyo.

Lakini huyo wa benchi hakuja Ndhiwa kwa miguu yake. Mimi ndiye nilimbeba, ndani ya lile yago. Na alipofukuzwa, alimjua mtu mmoja tu.

Alianza wiki ya pili. Ninafunga saluni saa moja kasoro, na kila jioni, nikishavuta mlango wa chuma nusu, kuna mtu anasimama nje. Naona miguu tu. Hana haraka. Niliwahi kumuuliza jina, ili angalau niulize serikalini, nijue kwao, nimpeleke kwa watu wake. Akasema hakumbuki. Kwamba hakuna aliyemwita kwa muda mrefu.

Juzi mume wangu aliniambia nimekonda. Nikamjibu ni kazi nyingi. Gauni la harusi ya binamu nimelifunga kwa pini.

Mimi sinywi maziwa, tangu utoto, kama Baba. Lakini jana, kabla ya kufunga, nilipita dukani nikanunua paketi moja. Niliimimina kwenye kikombe, nikakiweka kwenye ngazi, nikakaa ndani kusubiri.

Nilisikia akiinama.

"Asante, nyathina," akasema. Mwanangu. "Wewe hukuninyima."