Amri Niliyomfundisha Rafiki Ndiyo Iliyonimaliza

Nina umri wa miaka thelathini na minne, na nina diploma ya kompyuta niliyoisomea Nairobi kwa jasho langu, bila mjomba wala shangazi kunishika mkono. Niliporudi Jinja, nani mwingine pale ofisini aliijua Unix, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta kwa amri za kuandika? Mimi tu...

Wafula nilimpokea kazini kama mdogo wangu. Nilimfundisha kila kitu, hata amri yangu ya fahari: unaiambia kompyuta itafute mafaili yote ya programu, lakini iruke kila saraka, au folda, iitwayo "mazoezi", yaani mahali pa kuwekea majaribio yasiyo na maana. Mstari mmoja tu, na takataka zote zinabaki nje!

Kisha kampuni moja ya kahawa ya Mbale ikatafuta mkuu wa kompyuta. Niliwaandikia programu ya mishahara, ikabaki kuwaonyesha tu. Kwa uhakika niliokuwa nao niliacha kazi Jinja. Shangazi yangu wa Nabuyonga, kule Mbale, akachinja mbuzi kabla sijafika!

Asubuhi ya safari nilipiga amri yangu, nikanakili mafaili yaliyopatikana kwenye disketi, nikaondoka.

Mbele ya meneja, mashine ilikataa. Faili la kukokotoa kodi halikuwepo... Nilitafuta, nikatafuta tena. Meneja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kweli programu ile ni yangu. Mnaujua uchungu wa swali hilo?

Kumbe Wafula alikuwa amenitangulia Mbale, na ameshamwambia meneja kuwa ni yake! Akaingia na disketi zake, na programu yangu ikaenda vizuri mikononi mwake.

Ndani ya saraka ya mishahara alikuwa ametengeneza nyingine, akaiita "mazoezi", akaliweka humo lile faili, na kuielekeza programu ilisome humo. Kule Jinja programu iliendelea kufanya kazi, ningeshtuka vipi? Amri yangu mwenyewe ndiyo iliyoliruka...

Nilimkabili kwenye veranda. Akatabasamu.

"Afande, si wewe ulinifundisha kwamba mambo ya mazoezi hayatafutwi?"

Leo Wafula anakaa Nkoma, huko huko Mbale, anaitwa bwana mkuu. Mimi niko Jinja, nafundisha watu kuchapa, na diploma yangu ukutani.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Kabla hujaiambia mashine iruke kitu, toa kwanza orodha nzima uisome. Mimi nilizoea kuruka kila nilichodhani hakina maana... na Wafula nilikuwa nimemweka humo humo.