Aliyemshikia Sanamu Lindo

Bunduki ya sita ilikuwa na joto.

Sanamu, ndivyo wenzake walivyomwita, aliishika kitako asubuhi ya Alhamisi, kitambaa cha kufutia mkononi, akaiachia upesi. Ukumbi wa askari wastaafu ulikuwa umefungwa wiki nzima, na ufunguo alikuwa nao yeye peke yake. Zile tano nyingine kwenye rafu zilikuwa baridi, kama chuma cha asubuhi kinavyopaswa kuwa. Hii ilikuwa na vuguvugu la kiganja, kana kwamba mtu ameiweka chini sasa hivi akaenda kunywa maji.

"Uzee umeshanifika mikononi," alijisemea. Akaifuta juu juu, akaenda kupanga viti.

Zilikuwa bunduki za gwaride tu, mitutu imezibwa, hazina uwezo wa kumtisha hata panya. Lakini ile ya sita Sanamu aliibeba miaka ishirini na miwili mbele ya mnara wa mashujaa, katika kikosi cha heshima, na kikosi kilipopewa bunduki mpya, hizi kuukuu walirithishwa wastaafu wazitunze.

Mchana walifika wenzake wawili, kama kila Alhamisi. Wa kwanza Sajini, mkubwa wao wa zamani, mwenye mkongojo na suruali iliyopigwa pasi mpaka ukingo wake ungeweza kukata mkate. Wa pili Tarumbeta, mpiga tarumbeta wa kikosi, ambaye alistaafu kila kitu isipokuwa mdomo. Chai ikamiminwa, na haukupita muda wakafika kwenye hadithi wanayoipenda kuliko zote.

"Siku ile ya jua," Tarumbeta alisema. "Watu watatu chini, puu, kama magunia. Mimi mwenyewe niliona nyota mchana. Lakini dada huyu? Saa mbili nzima hata kope haikucheza. Nzi alipanda pua yake, akatembea, akachoka, akashuka."

"Ndipo nikampa jina la Sanamu," Sajini alisema kwa fahari. "Mbele ya kikosi kizima."

Sanamu alitazama kikombe chake. Miaka thelathini na moja alikuwa akiisikia hadithi hiyo, na hakuwahi hata mara moja kuiongezea neno.

"Ngojeni niwaonyeshe," Tarumbeta akasema. Akaichomoa ile ya sita kwenye rafu, akagonga kisigino, akatoa kifua, akanyoosha shingo kama kuku aliyesikia mwewe. Sajini alicheka mpaka akakohoa.

"Haya, mguu pande. Legea," Sajini akamwamuru.

Tarumbeta hakulegea.

Mwanzoni walidhani ni utani wake. Sanamu akamfinya shavu, nalo lilikuwa gumu kama ngozi ya ngoma. Akamtikisa bega, halikutikisika. Kisha akatazama sakafuni, na hapo ndipo mwili ulipomsisimka, kwa sababu jua la saa kumi lilikuwa limeegemea dirishani na vivuli vya viti vilikuwa vimejinyoosha mpaka ukutani, lakini kivuli cha Tarumbeta kilikuwa kidogo, cheusi, kimejikunja chini ya soli za viatu vyake kama vivuli vya saa sita, na chumbani, ingawa nje mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri hadi mchana, ilipanda harufu ya vumbi lililoungua na shaba iliyosuguliwa, harufu ya uwanja ule, ya siku ile.

Sajini alimpigia simu dada yake mkubwa, mganga asiyependa maneno mengi. Alikuja kwa pikipiki, akateta juu ya nauli, akaingia. Akawasha ubani, akaunusa moshi, akauzima.

"Ubani hausaidii. Pepo aliyemshika hakutumwa na mtu. Aliitwa." Akamshika Tarumbeta mkono. "Mapigo yanapungua. Jua likizama atakuwa gogo. Nani alimwita?"

Sanamu alitazama pengo lililobaki kwenye rafu.

"Aliyemwita ndiye atakayesema naye," mganga alinong'ona. "Na asitamke neno 'ndiyo'. Ukimwambia ndiyo, amekukamata mkono."

Hapo sauti ikatoka kooni mwa Tarumbeta. Midomo yake haikusogea. Ilikuwa sauti kavu, ya mtu ambaye hajanywa maji miaka mingi.

"Sanamu. Nimechoka kusimama. Je, utanipokea lindo?"

Magoti ya Sanamu yalijikaza yenyewe. Visigino vyake vilianza kuvutana, taratibu, kama vinavyoitwa na amri ambayo masikio hayakuisikia, na mgongo wake ukawa unanyooka mfupa kwa mfupa, na akajua kwamba akiuachia hautakunjika tena. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika ulimini.

Akaung'ata ulimi. Kisha akamgeukia Sajini.

"Afande, siku ile sikusimama mimi."

Sajini aliegemea mkongojo. "Unasema nini?"

"Wewe ulikuwa nyuma ya mnara, unawaokota walioanguka. Jirani yangu alipenya katikati ya watu, akaninong'oneza kwamba mwanangu amepatwa na degedege, meno yamefungana. Nikasema, 'Yeyote aliyepo hapa, nishikie kidogo.' Nikakimbia. Nilimbeba mtoto mpaka hospitali, nikamkabidhi kwa daktari, nikarudi. Nikakuta bunduki imesimama yenyewe mahali pangu, na watu wanaitazama kama wanayemtazama ni mimi. Nikaishika. Ilikuwa ya moto."

"Unasikia?" sauti ilisema. "Anakiri. Mimi nilisimama. Sifa akala yeye. Wakilitaja jina hilo, wananitaja mimi, na anayeitika ni yeye. Nilipe mwili, au nibaki na huyu."

"Nilisema kidogo," Sanamu alimjibu. "Kidogo iliisha niliporudi. Niliitwaa bunduki kwa mikono yangu, nikasimama mpaka kikosi kikaondoka. Nilikupokea lindo siku ileile. Kama hukwenda kwenu, ni kwa sababu uliona raha kubaki."

"Na sifa?"

"Sifa nilikula, na hazikunishibisha. Chukua. Afande amesikia, mganga amesikia, na Tarumbeta akiamka nitamwambia, naye atautangazia mji mzima kabla ya chakula cha jioni. Sanamu ni wewe. Mimi ni mama ya mtu. Niliondoka lindoni, mwanangu yuko hai, na leo akiugua nitaondoka tena. Huna kitu changu mkononi. Mwachie mwenzangu."

Kivuli kile cheusi kikachezacheza chini ya viatu, kikavutwa, kikarefuka sakafuni mpaka kikafikia vivuli vya viti. Bunduki ikaanguka. Tarumbeta akaanguka juu yake, akipumua kama mtu aliyetolewa kisimani.

"Maji," alisema. Alipokwisha kunywa akauliza, "Nani alikuwa ananisema?"

Sanamu alimweleza palepale, hakuruka kitu.

Sajini hakuwa amekaa wala kusogea. "Ningejua siku ile," alisema polepole, "ningekutia ndani siku ishirini na nane."

"Ungenitia, afande."

"Lindo ni lindo."

"Na mtoto ni mtoto."

Sajini hakumsamehe kwa maneno. Aliinama kwa shida, akaiokota bunduki, akairudisha kwenye rafu.

Mganga alikuwa anafunga mkoba wake. "Ametoka ndani ya mtu," alisema. "Sikusema ametoka ndani ya nyumba."

Walitoka wote wanne, wakaurudishia mlango. Hawakuwa wameshuka hata ngazi moja waliposikia kitako kikigonga sakafu huko ndani. Mara moja, kikavu.

"Tuuache ukumbi," Sajini alinong'ona. "Tutafute chumba kingine."

"Matofali haya tuliyabeba wenyewe," alisema yule aliyekuwa Sanamu. Akausukuma mlango.

Bunduki ya sita ilikuwa katikati ya chumba, wima, haijashikwa na mtu. Mama yule aliivutia kiti mbele yake, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu kwa kelele, akaketi. Akavua viatu. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vinatetemeka, akaviacha vitetemeke.

"Simama upendavyo," aliiambia. "Sisi humu tumestaafu. Tunakaa."

Tarumbeta alivuta kiti cha pili, rangi ya uso ikiwa haijamrudia. Mganga aliketi kwenye benchi, mkoba mapajani. Sajini alibaki mlangoni kitambo, miaka yake yote ya gwaride imemkakamaa mgongoni. Kisha akaja kwa mkongojo wake, akajishusha kitini mzima mzima, akanyoosha miguu mbele kama mtu aliye sebuleni kwake.

Mtutu ulitikisika kidogo, ukainama kuwaelekea mmoja mmoja, kama unaomtafuta wa kupokea lindo. Hakuna aliyeinuka.