Uji wa Shule Una Kazi Gani?

Kila mchana Mama Dobi hakuwasha jiko. Alifua nguo za watu tangu asubuhi, na unga uliokuwapo ulitosha chakula cha jioni tu. Hata hivyo hakuwa na wasiwasi. Binti yake, Kasuku, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya maneno yake mengi, alikuwa akinywa uji shuleni.

Siku moja wazazi waliitwa mkutanoni. Mwenyekiti wao alisimama.

"Ndugu zangu, tusidanganyane. Watoto wanaokunywa uji wamekonda. Wanaobeba chakula kutoka kwao wamenawiri. Uji huu hauna kazi. Tuuache, tununue madawati."

Mama Dobi aliingiwa na hofu. Kasuku angeshindaje na njaa?

"Kweli mwanangu ni mwembamba," alisema kwa unyonge. "Lakini bila uji angekuwaje?"

"Hapo hapo, dada!" muuguzi wa zahanati alidakia. "Ukitaka kujua kama sabuni inang'arisha, utalinganisha shati kuukuu ulilofua na shati jipya la dukani?"

"Thubutu! Jipya litashinda hata bila sabuni."

"Utafanyaje, basi?"

"Nachukua mawili yaliyochakaa sawa. Moja kwa sabuni, jingine kwa maji matupu."

"Umenena! Wanaobeba chakula walikuwa wamenawiri hata kabla ya uji kuanza. Tutafute watoto wenye hali kama ya Kasuku, wasiopata uji."

"Tutawatoa wapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Shule ya ng'ambo ya reli. Maisha yao ni kama yetu. Uji ulipoanza hapa tulipima watoto wa shule zote mbili, na uzito wao ulikaribiana. Tuwapime tena."

Wakapimwa. Wa ng'ambo waliongezeka kidogo. Wanywaji wa uji waliongezeka zaidi.

"Tofauti hiyo ndiyo kazi ya uji," muuguzi aliwaeleza wazazi walipokutana tena.

Mwenyekiti alicheka, akajikuna kichwa. "Nilipima kwa macho, jamani. Uji ubaki."

Watu walishangilia. Mama Dobi alifurahi mno, lakini alisimama kuuliza.

"Na wale wa ng'ambo? Wametusaidia kuujua ukweli. Tuwaache na njaa?"

Mwenyekiti mwenyewe akajitolea kwenda wilayani kuwaombea uji.

Muhula uliofuata, sufuria iliinjikwa ng'ambo ya reli. Siku ya kwanza Mama Dobi alikwenda kukoroga. Mtoto mmoja alimaliza kikombe chake, akakinyoosha tena.

"Lete, mwanangu," Mama Dobi alimwambia, akakijaza.