Koti la Sampuli

Rafiki yangu Nthambi ni fundi wa nguo pale Mumbuni, na si mtu wa kutunga mambo. Mwezi jana alikuwa akishona mavazi ya mchezo wa kanisa, ule wa malaika waliokula njama dhidi ya Mfalme wao hadi wakatupwa chini. Waigizaji wenyewe walikuwa wameanza kufitiniana, kila mmoja akitaka kuwa mkuu wa waasi.

Alasiri moja mvua ikashuka, stima ikapotea na duka likaingia giza, kisha mwanamume asiyemjua akaingia dukani na koti jeusi mkononi.

"Usinipime," akasema. "Shona tu kama hili."

Nthambi akamshuku papo hapo. "Nani kati ya wale waigizaji amekutuma unichunguze?"

"Hakuna. Mimi nilifukuzwa."

"Kutoka kwenye kikundi cha mchezo?"

Mwanamume akaliweka koti mezani, akatoka. Nthambi akatega sikio asikie nyayo zake kwenye matope. Badala yake mabati juu ya kichwa chake yakalia mara moja, kama yamekanyagwa.

Akawasha tochi ya simu. Koti lilikuwa na mipasuo miwili mirefu mgongoni. Ya kupitishia mabawa ya karatasi, akajiambia. Mwigizaji tu huyu.

Akaligeuza aone mshono. Fundi hujua nguo inavyochakaa. Kola ilikuwa imelika kwa shingo, na viwiko vimelika kwa mikono. Kingo za ile mipasuo nazo zilikuwa zimelika kwa ndani, zikang'aa kwa jasho la miaka mingi, na bado zilikuwa na joto.